Mwongozo kamili wa kiharusi kwa familia za Mwanza na visiwani: kukitambua, kuwahi hospitali, kukizuia

"Kilianza saa ngapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza ninalomuuliza ndugu aliyemleta mgonjwa wa kiharusi. Jibu ninalolipata mara nyingi ni hili: "Jana jioni alilalamika ganzi mkononi. Tukasema alale kwanza, asubuhi tutaona."

Mimi ni nesi wa mapokezi ya dharura hapa Mwanza. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya hiyo "asubuhi tutaona". Naisikia kwa watu wanaowapenda sana wazee wao, waliouza hata ng'ombe ili watibiwe, lakini saa zilizokuwa na maana zilishapita mgonjwa akiwa kitandani nyumbani.

Kiharusi ni damu kukosa kufika sehemu ya ubongo. Ama mshipa umezibwa na donge la damu, ama umepasuka damu inavuja. Mshipa mkubwa ukiziba, seli za ubongo zinazokadiriwa kufikia karibu milioni 2 hufa kila dakika. Soma mwongozo wote mara moja, kisha rudi uandae vitu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya siku yenyewe

- Mashine ya presha ya kidijitali inayofungwa mkono wa juu. Zile za kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Kabla ya kununua, pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, ulinganishe na vipimo vilivyoandikwa kwenye mkanda wa mashine. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko ilivyo.
- Daftari na kalamu vya kukaa pamoja na mashine.
- Karatasi moja ya taarifa: umri, magonjwa aliyonayo, dawa zote na vipimo vyake, dawa zinazomdhuru. Ibandike nyuma ya mlango.
- Namba za madereva wawili wenye gari wanaopokea simu usiku. Wawili, kwa sababu mmoja atakuwa safarini siku hiyo hiyo.
- Kadi ya bima, kitambulisho na akiba ya pesa isiyoguswa kwa jambo lingine.
- Kiti imara chenye mgongo, kama mnakaa mlimani. Sababu nitaieleza kwenye hatua ya 4.
- Kama kuna mwenye kisukari, mashine ya kupimia sukari na vipande vyake ambavyo muda wake haujaisha.

## Hatua ya 1: Tambua dalili ndani ya dakika moja

Neno kuu ni ghafla. Mtu alikuwa mzima, sasa hivi hayuko sawa. Mwangalie mambo manne.

Uso. Mwambie atabasamu au aonyeshe meno. Angalia kama upande mmoja wa mdomo umeshuka, au mate yanatoka upande mmoja.

Mikono. Mwambie afumbe macho na anyooshe mikono yote mbele, viganja vikitazama juu, wewe ukihesabu hadi kumi. Mkono mmoja ukishuka wenyewe, au ukishindwa kuinuka, hiyo ni dalili. Wengine husema tu, "Huu mkono si wangu leo."

Maneno. Msikilize kama ulimi mzito, kama anachanganya maneno, au kama haelewi unachomwambia. Hapa familia nyingi hukosea kwa namna ya kwetu kabisa: mzee wa Kisukuma aliyejifunza Kiswahili ukubwani anaulizwa kwa Kiswahili, anababaika, wanasema ni kawaida yake. Mjaribu kwa lugha yake. Msalimie, "Mwangaluka, mayu," umsikilize anavyoitikia. Salamu aliyoiitikia kila asubuhi tangu utotoni ikimshinda leo, usitafute ushahidi mwingine. Wakerewe, Wajita, Wahaya, ni hivyo hivyo.

Macho na mwendo. Kutoona ghafla kwa jicho moja au upande mmoja, kuona vitu viwiliviwili, kuyumba kama mlevi ilhali hajanywa. Ongeza hapo kichwa kuuma kwa ghafla na kwa ukali ambao hajawahi kuupata, hasa kukiwa na kutapika.

Dalili moja inatosha. Usisubiri zitimie nne.

Kiharusi hudanganya kwa mambo mawili. La kwanza, mara nyingi hakiumi, na watu wetu tumezoea kwamba ugonjwa mkubwa lazima uume. La pili, mgonjwa mwenyewe anaweza kukataa kwamba ana shida, kwa sababu sehemu ya ubongo ambayo ingemwambia mkono haufanyi kazi ndiyo iliyoumia. Nimemwona baba mmoja mvuvi, mkono wake wa kushoto umelala kifuani kama kitu cha mtu mwingine, anatuambia kwa upole, "Mimi sina tatizo, hawa watoto wameniogopea bure." Usimsikilize anayesema hivyo. Sikiliza mkono wake.

Yako mengine yanayofanana na kiharusi: sukari kushuka sana, degedege, ugonjwa wa neva ya uso. Kuyatenganisha ni kazi ya hospitali. Wewe chukulia ni kiharusi, tukutane nacho huko. Ukifika ikaonekana ni kitu kidogo, hatutakucheka.

## Hatua ya 2: Andika saa

Andika saa ya mwisho ambayo mtu alimwona akiwa mzima. Hiyo ni tofauti na saa mliyomkuta, na hapa ndipo watu hushindwa kuliko mahali pengine popote.

Chukua mama muuza dagaa wa Mwaloni Kirumba. Saa 10 alfajiri ameamka kwenda msalani, kijana wake akamsikia na kuongea naye vizuri. Saa 12 anakutwa ameshindwa kuinuka. Saa ya kuandika ni 10.

Sababu ni hii. Kwa kiharusi cha mshipa ulioziba ipo sindano ya kuyeyusha donge la damu, na hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kwa mama huyu mlango huo unafungwa saa 2 na nusu asubuhi. Wakitoka nyumbani saa 12, bado wana nafasi. Wakikanda mkono kwa maji ya moto mpaka saa 2, nafasi imekwisha.

Niseme ukweli: sindano hiyo ni ghali na haipatikani kila hospitali. Lakini kuwahi kunasaidia hata bila sindano. Kuna damu inayovuja ambayo presha yake lazima ishushwe kwa mpango, kuna sukari ya kurekebisha, kuna mgonjwa anayepaliwa na mate yake mwenyewe. Yote hayo yana saa.

Andika na kipindi cha siku, "saa 3 usiku" au "saa 3 asubuhi". Sisi tunaandika kwenye faili kwa mtindo wa saa 24, na "saa tatu" peke yake imeshatupotosha. Kama alilala mzima saa 3 usiku akaamka ameharibika, andika saa 3 usiku, na mje haraka vilevile. Daktari ndiye ataamua nafasi iliyobaki.

## Hatua ya 3: Dakika za kusubiri gari

Piga simu ya gari kwanza. Haya mengine yafanyike gari likiwa njiani.

Mlaze akiwa ameinuliwa kidogo kichwa na mabega. Akitapika au akipoteza fahamu, mgeuze alale ubavu, mdomo ukitazama chini kidogo ili matapishi yatoke. Legeza nguo shingoni. Toa meno ya bandia. Usimvute kwa mkono uliolegea. Bega linachomoka kirahisi.

Usimpe kitu chochote mdomoni: maji, chai ya sukari, uji, asali, dawa. Koo lake linaweza kuwa limepooza kama mkono, na kile unachompa kikaingia mapafuni. Wapo waliostahimili kiharusi chenyewe, nimonia ya kikombe kimoja cha chai ikawamaliza.

Usimpe aspirini. Watu wamesoma kwamba husaidia, na ni kweli inasaidia kwa aliyezibwa mshipa. Kwa aliyepasuka mshipa inaongeza kuvuja. Kwa nje wagonjwa hao wawili wanafanana kabisa, na kinachowatofautisha ni picha ya kichwa ya CT.

Usimpe dawa ya presha ya dharura, hata kama mashine inaonyesha namba ya kutisha. Zile nifedipini za kuweka chini ya ulimi zinashusha presha kwa kishindo, na ubongo ambao tayari unakosa damu unakosa zaidi.

Usimchanje chale, wala usimtoboe vidole kwa sindano kama ule ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp unavyoelekeza. Donge liko kichwani. Damu ya kidoleni hailigusi.

Kama ana kisukari, pima sukari. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), usimlazimishe kumeza. Pitieni kituo kilicho njiani chenye dripu ya sukari, au waambieni wapokezi neno hilo kabla ya mengine yote.

Kuhusu maombi na wataalamu wa jadi nina moja tu la kusema, na nalisema kwa heshima: ombeni, lakini ombeni garini. Anayeamini amerogwa anaweza kushughulikia hilo wiki ijayo. Ubongo haungoji wiki ijayo.

## Hatua ya 4: Safari

Lengo ni hospitali yenye CT inayofanya kazi leo. Kwa mjini, Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda nzima ya Ziwa, na Sekou Toure ndiyo ya rufaa ya mkoa. Mmoja apige simu kuuliza wakati wengine wanambeba mgonjwa, maana mashine huharibika.

Wa milimani, Mabatini, Igogo, Bugarika na kwingineko ambako gari haliwezi kupanda kati ya mawe: hapa ndipo kile kiti kinahitajika. Mkalishe, mfunge kwa kanga mbili, moja kifuani chini ya makwapa na nyingine mapajani. Vijana wanne wabebe, wawili mbele wawili nyuma, kiti kikiegemea nyuma wakati wa kushuka. Kama amepoteza fahamu kiti hakifai. Tumieni blanketi nzito au mlango. Ichagueni njia ya kushukia mapema, mchana. Usiku wa mvua kwenye yale mawe si wakati wa kubishana kupita wapi.

Bodaboda hapana. Mtu aliyelegea upande mmoja hashiki, ataanguka hata akifungwa katikati ya watu wawili. Bajaji inafaa ikikosekana gari, akiwa ameshikiliwa pande zote.

Wa Sengerema na Geita, tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kusubiri kivuko, kwa hiyo ombeni rufaa mapema. Wa Ukerewe, nendeni kwanza hospitali ya wilaya pale Nansio apimwe sukari na presha, alindwe njia ya hewa, na rufaa iandikwe kabla ya kuvuka. Bandikeni ukutani ratiba ya meli na ya kivuko cha Rugezi–Kisorya. Kwa walio kwenye visiwa vidogo na kambi za uvuvi, mtumbwi ndio gari lenu: mgonjwa alale ubavu, avae jaketi la kuokolea, na atangulie mtu kwa simu kuhakikisha gari liko mwaloni.

Anayemsindikiza awe yule aliyemwona alipokuwa mzima. Mara nyingi anakuja kaka mkubwa kwa sababu ndiye mwenye pesa, na hajui lolote. Aje na pesa zake, lakini aje na binti aliyekuwa jikoni na mama.

Mapokezini salamu iwe fupi, kisha sema hivi: "Shikamoo nesi. Mama ana kiharusi. Mara ya mwisho alikuwa mzima saa 10 alfajiri. Ana presha, hana kisukari. Dawa zake ziko kwenye karatasi hii. Hatujampa kitu." Ukisema hivyo, umefanya kazi ambayo ingetuchukua dakika kumi.

Utajua mambo yanakwenda vizuri ukiona anapimwa sukari na presha mara moja, na anaandikiwa picha ya kichwa bila kusubiri foleni ya kawaida. Ukiona mmeachwa kwenye benchi, simama urudie neno "kiharusi" na saa uliyoandika. Kwa heshima, lakini simama.

## Hatua ya 5: Dalili zikiondoka zenyewe, nenda vilevile

Hili linaniuma mimi binafsi. Mjomba wangu wa Misungwi alikuwa anakula, kijiko kikamponyoka, mdomo ukaenda upande. Robo saa baadaye alikuwa anaongea vizuri na kucheka. Tulimshukuru Mungu, akamaliza ugali wake. Mimi niliambiwa kwa simu, nikasema nitampitia Jumamosi. Nesi mzima. Siku ya tatu alianguka shambani, na tangu hapo hakuongea tena.

Dalili zilizokuja na kuondoka ni donge lililoziba kisha likasogea. Hatari ya kiharusi kamili ni kubwa kuliko wakati wowote ndani ya saa 48 zinazofuata. Nenda siku hiyo hiyo. Ni nafasi adimu, kwa sababu mgonjwa bado ni mzima na dawa za kuzuia zipo.

## Hatua ya 6: Pima presha ipasavyo

Presha ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi kinachoweza kuzuilika, na wengi wana mashine wasiyojua kuitumia. Siku moja nilimtazama jirani akimpima mama yake kibarazani. Mama ametoka kuteka maji, mkanda umefungwa juu ya mkono wa gauni, mkono unaning'inia, na anaendelea kujibizana na mteja wa nyanya. Mashine ikasoma 168. Tulipofanya kama ninavyoeleza hapa chini, ikasoma 141.

Nusu saa kabla, asivute sigara, asinywe kahawa wala chai ya rangi, asifanye kazi nzito. Aende haja ndogo. Akae kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zote chini, miguu isipishane, atulie kwa dakika tano. Mkono uwe wazi, uegemezwe mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Kimya. Hata wewe mpimaji nyamaza.

Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kwa siku saba. Andika kila namba, hata usiyoipenda. Namba za siku ya kwanza ziache, tafuta wastani wa zilizobaki. Wastani wa nyumbani wa 135/85 au zaidi unahitaji daktari. Kwa kipimo cha hospitali mpaka ni 140/90. Ukiona 180/120 au zaidi na kuna dalili za hatua ya 1, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, rudi hatua ya 2 sasa hivi. Kama hakuna dalili yoyote, tulia, pima tena baada ya dakika chache, na umwone daktari siku hiyo.

Daftari lenye namba 24 au zaidi linamsaidia daktari kuliko kipimo kimoja cha hospitali, ambacho mara nyingi huchukuliwa mgonjwa akiwa na hofu.

## Hatua ya 7: Dawa haziachwi kwa sababu umepona

"Nilipima ikawa 120, nikaacha." Presha ilikuwa 120 kwa sababu ya dawa. Ukiacha, inarudi kimyakimya bila kuuma.

Dawa ikikusumbua, rudi ubadilishiwe, zipo za aina nyingi. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Kaptopili na ndugu zake huleta kikohozi kikavu. Hayo yana ufumbuzi. Pia mwambie daktari kama unameza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo au magoti. Inapandisha presha, na inauzwa kila kona.

Wavuvi wanaokwenda kambini wiki tatu au mwezi, chukueni dawa za siku zote hizo na za wiki moja ya ziada, kwenye mfuko usioingia maji. Ziwa likichafuka hamrudi siku mliyopanga.

## Hatua ya 8: Chumvi, na mengine ya kila siku

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa chakula chote. Kwetu chumvi imejificha kwenye kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi), vipande vya kiungo cha mchuzi, na kile kijichupa cha mezani. Kayabo loweka usiku kucha, mwaga maji, rudia asubuhi, na mchuzi wake usitiwe chumvi tena. Sato au sangara mbichi, na dagaa wa jua wasiotiwa chumvi, ni chaguo bora.

Sigara acha kabisa. Pombe punguza, na gongo usiguse. Tembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki. Mwenye kisukari ashike kliniki yake, kwani sukari iliyopanda huharibu mishipa ile ile.

## Wanaosahauliwa

Watoto wenye sikoseli, ambao kanda yetu ina wengi, hupata kiharusi wakiwa wadogo kabisa. Mtoto wa sikoseli aliyeanza ghafla kuburuta mguu au kuangusha vitu, mpeleke kama mtu mzima wa miaka 70. Uliza kliniki kuhusu dawa ya haidroksiurea na kipimo cha mishipa ya kichwa.

Mjamzito au aliyejifungua karibuni mwenye kichwa kuuma sana, macho kuona giza au presha juu: piga 115, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama.

Na yeyote ambaye mapigo yake hayana mpangilio. Weka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, uhesabu dakika nzima. Yakija kama matone ya mwisho ya mvua kwenye bati, mara mawili, mara kimya, mara matatu, apimwe moyo. Moyo wa namna hiyo hutengeneza madonge ya damu, na dawa ya kuyazuia ipo.

## Mfano wa karatasi ya mlangoni

Ya mama yangu inasomeka hivi. Nakili, ubadilishe yaliyo ya kwako:

"Mama, miaka 66. Presha tangu 2014. Kisukari hana. Amlodipini miligramu 10 asubuhi, losatani miligramu 50 jioni. Penisilini inamdhuru. Anaongea Kisukuma, Kiswahili kidogo. Dereva wa kwanza, namba. Dereva wa pili, namba. Funguo za geti ziko kwenye msumari nyuma ya pazia. Alionekana mzima mara ya mwisho saa ______, asubuhi / mchana / jioni / usiku, na ______."

Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye komeo la mlango huo huo.